“Mtu yeyote” au “mtu yoyote”? Vivumishi na viwakilishi vinavyochanganywa mitaani Eastlands

CHAMA cha kuweka na kukopa katika mojawapo ya mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, kinaweza kuandikiwa sheria mbili zinazofanana kama shilingi kwa ya pili. Ya kwanza inasema: “Wanachama wote hawataruhusiwa kukopa kabla ya miezi sita kuisha.” Ya pili inasema: “Si wanachama wote watakaoruhusiwa kukopa kabla ya miezi sita kuisha.” Anayezisoma upesi huona ni jambo moja. Kumbe ya kwanza imewafungia mlango wanachama wote bila kubakisha hata mmoja, ilhali ya pili imewaachia baadhi yao mwanya. Siku mwanachama mmoja atakapopewa mkopo mwezi wa tatu na wenzake wakaja juu, mzozo huo hautaamuliwa na mwenyekiti wala mweka hazina. Utaamuliwa na mahali lilipowekwa neno “si”.

Maneno madogo ya aina hii, yaani wote, yeyote, kila, mwingine, huyu, ambaye, mwenye, ndiye, gani na yangu, ndiyo yanayowatatiza zaidi wasemaji wa Kiswahili cha Nairobi, na hasa wanafunzi wanaotoka darasani saa kumi jioni na kurudi katika mitaa ambako lugha ina sheria zake nyingine. Katika sarufi, neno la namna hiyo likiandamana na nomino na kuifafanua huitwa kivumishi; likisimama lenyewe badala ya nomino huitwa kiwakilishi. “Mtu yeyote aje” ina kivumishi. “Yeyote aje” ina kiwakilishi. Kwa kuwa umbo la neno halibadiliki, anayekosea katika kivumishi hukosea vilevile katika kiwakilishi, na makala haya hayatayatenganisha.

Chanzo cha mkanganyiko kimo katika historia ya mitaa yenyewe. Pumwani ilianzishwa mapema katika miaka ya 1920 kuwa makao ya Waafrika, na Waislamu waliokuwa wakitumia Kiswahili majumbani walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake walihamishiwa Shauri Moyo. Kariokor imerithi jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kilichoitwa Carrier Corps. Ikaja mitaa ya wafanyakazi wa reli kama vile Muthurwa na Makongeni, na ile ya serikali ya jiji kama Kaloleni, Bahati, Mbotela, Maringo na Jericho. Na katika miaka ya 1970 zikaanza Buruburu, Umoja na Dandora. Watoto wa wazazi waliosema Kikuyu, Kikamba, Kiluhya na Kijaluo walikutana katika uwanja mmoja wa mpira, na lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili. Humo ndimo Sheng ilimochipuka, ambayo Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde waliiandikia makala mwaka wa 1997, na Chege Githiora akaitolea kitabu kizima mwaka wa 2018.

Haifai kudhani kwamba watoto hao walikosa ngeli kwa kuwa lugha zao hazina ngeli. Kijaluo hakina, ni kweli, lakini Kikuyu, Kikamba na Kiluhya zina ngeli tele na wasemaji wake hawazikosei. Watu wa lugha mbalimbali wanapokutana hubakisha kile tu kinachohitajika ili waelewane, na Carol Myers-Scotton alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1970 kwamba Kiswahili cha Nairobi na cha Kampala kilikuwa kimepunguza mengi ya upatanisho wa kisarufi.

Kilichobaki Nairobi ni ngeli mbili tu zinazofanya kazi kikamilifu. Ya A-WA imesimama imara kwa binadamu: hata mtoto wa miaka mitatu huko Kayole hasemi “mtu imekuja”. Nomino nyingine karibu zote zimesukumwa ndani ya ngeli ya I-ZI. Ndiyo maana husikika “hii kitu imeharibika”, “zile viti zimevunjika”, “gari ingine” na “ndoo yenye iko na maji”. Anayelitambua hili ameshapata nusu ya tiba. Maumbo mengi yanayokosewa, yaani hii, ingine, yoyote, ambayo na ndiyo, ni ya umoja wa ngeli ya I-ZI yaliyogeuzwa kuwa ya nomino zote. Na hizi, zile na zozote ni wingi wa ngeli iyo hiyo. Mwanafunzi anayesahihisha insha yake na atafute kwanza maneno yanayoanza kwa “i”, “y” na “z”, halafu ajiulize kama nomino iliyo karibu nayo kweli ni ya I-ZI.

Wote, yeyote na kila

Turudi kwenye katiba ya chama. Kivumishi “-ote” hujumlisha: wanachama wote, nyumba zote, maji yote. Kikitumiwa na nomino ya umoja humaanisha kitu kizima, kwa hivyo “nyumba yote imelowa” ni nyumba moja kuanzia sebuleni hadi jikoni, na “nyumba zote zimelowa” ni ploti nzima. Herufi mbili tu zinatofautisha madai ya mpangaji mmoja na ya wapangaji ishirini.

Kivumishi “-o -ote” hakijumlishi, bali huchagua bila kubagua. “Leta kitabu chochote” ni kusema kimoja kinatosha, kiwe kipi kiwacho. Anayeandika “kodi hupokelewa siku yoyote” anamwambia mpangaji achague siku aitakayo, na anayeandika “kodi hupokelewa siku zote” anasema ofisi haifungwi. Katika sentensi ya kukanusha, “-o -ote” hufagia kila kitu: “Sina chochote”, “Hakuja yeyote”. Kwa sababu hiyo, chama kinachotaka kumzuia kila mtu kisiamini “wote hawataruhusiwa”, ambayo wasomaji wengine huielewa vingine, bali kiandike “Hakuna mwanachama yeyote atakayeruhusiwa kukopa”. Hapo hata wakili hatapata pa kuingilia.

Maumbo yenyewe huonea wengi. Ngeli ya A-WA ina mtu yeyote na watu wowote. U-I ina mti wowote na miti yoyote. KI-VI ina kiti chochote na viti vyovyote. LI-YA ina jambo lolote na mambo yoyote. I-ZI ina nyumba yoyote na nyumba zozote. U-ZI ina ukuta wowote na kuta zozote. Mahali ni popote, kokote au momote. “Mtu yoyote”, basi, ni kosa, hata kama limeandikwa kwa rangi nyekundu ukutani likimtishia kumshtaki atakayetupa takataka. “Yeyote” ni ya umoja wa A-WA peke yake, na haitumiki popote pengine. Vilevile “watu yeyote” haipo. “Watu wowote” huwashangaza wengi wanapoisikia mara ya kwanza, lakini ndiyo sahihi.

Nafsi nazo zina maumbo yake: sisi sote, nyinyi nyote, wao wote. Jijini Nairobi husemwa “sisi wote” na “nyinyi wote”, na hakuna anayepotea njia kwa hilo, ila katika maandishi rasmi “sote” na “nyote” huokoa hata nafasi, kwa kuwa husimama bila “sisi” na “nyinyi”: “Sote tulihudhuria.”

“Kila” ni neno la asili ya Kiarabu, halipokei kiambishi chochote, na kinyume cha vivumishi vingi, hutangulia nomino daima. Nomino yake huwa ya umoja na kitenzi pia: “Kila mpangaji alilipa”, wala si “kila wapangaji walilipa”. Isipokuwa kipimo kikichukuliwa kuwa fungu moja, kama katika “kila siku tatu” au “kila shilingi mia”, nomino ya wingi hukubalika. Tofauti ya “kila” na “-ote” ni kwamba “kila” huhesabu mmoja mmoja. “Wanachama wote walichanga shilingi elfu moja” huenda ikawa ndiyo jumla iliyopatikana mezani. “Kila mwanachama alichanga shilingi elfu moja” haina shaka, na mweka hazina anayejua kazi yake huandika hivyo.

Mwingine na wengineo

Neno “ingine”, likiwa peke yake bila kiambishi cha ngeli, halimo katika Kiswahili sanifu. Ni “kitu kingine”, “vitu vingine”, “mti mwingine”, “miti mingine”, “jambo jingine” au “lingine”, “mambo mengine”, “siku nyingine”, “mahali pengine”. Vitabu vingi vya sarufi huiweka “nyingine” katika umoja na wingi wa I-ZI, ingawa “zingine” imeenea sana nchini Kenya na ni vigumu kumhukumu anayeitumia. Msomaji wa kutoka Zanzibar atasema “mwengine”, na hajakosea kwao.

Tatizo kubwa la “-ingine” haliko katika umbo bali katika maana. Lina maana mbili: baadhi ya wale, na wasiokuwa wale. Tangazo kwenye lango la ploti likisema “Wapangaji wengine watapewa risiti kesho”, aliyelisoma hajui kama ni baadhi ya wapangaji bila kujali ni nani, au ni wale wote waliobaki baada ya wa leo. Aliyelipa kwa fedha taslimu na hana risiti ana haki ya kukosa usingizi usiku huo. Katika maandishi yenye pesa ndani yake, ni heri kutumia “baadhi ya wapangaji” kwa maana ya kwanza na “wapangaji waliosalia” kwa ya pili, na kuliacha neno “wengine” lipumzike.

“-ingineo” ni ndugu yake, nalo humaanisha vingine vya jinsi ileile ya vilivyotajwa: “sukari, unga, chumvi na vinginevyo”, “walimu, madaktari na wengineo”, “mambo haya na mengineyo”, “nyumba hizi na nyinginezo”. “Vinginevyo” pia imekuwa kiunganishi chenye maana ya “la sivyo”, na matumizi hayo hayana ubaya.

Mwenye, ambaye na ndiye

Kosa linalomtambulisha Mnairobi upesi kuliko yote ni la “mwenye”. Husikika sokoni Gikomba, kwenye matatu za Barabara ya Jogoo na, siku hizi, hata katika mahojiano ya runinga: “yule jamaa mwenye alikuja jana”, “nyumba yenye tulihamia”, “watu wenye hawajalipa”. Katika Kiswahili sanifu “-enye” huonyesha umiliki au hali ya kuwa na kitu, na hufuatwa na nomino: mwenye duka, wenye mali, chai yenye tangawizi, mahali penye kivuli. Huweza pia kufuatwa na kitenzi-jina, kama “mwenye kusubiri”. Hakifuatwi na kitenzi chenye nafsi na wakati. Bila shaka njia ilianzia hapo: kutoka “mwenye kusubiri”, ambayo ni sahihi, hadi “mwenye anasubiri”, ambayo si sahihi, ni hatua moja fupi.

Hatua hiyo ina gharama yake. Shahidi anayeandikisha taarifa kituoni akisema “mwenye gari alimgonga mtoto” amemtaja mmiliki wa gari. Kama usukani ulishikwa na dereva wa kuajiriwa, mmiliki aliyekuwa amelala nyumbani kwake ndiye atakayetafutwa. Alichokusudia shahidi, kwa lugha yake ya mtaani, ni “mwenye alikuwa anaendesha”, na Kiswahili sanifu kinamwezesha kulisema hilo kwa neno moja: “aliyeliendesha”.

Kutokana na “-enye” mtaa umezaa pia “venye”, kwa maana ya jinsi: “Sijui venye alifika.” Hili si umbo la Kiswahili sanifu hata kidogo, kwani wingi wa KI-VI ni “vyenye”, kama katika “vyombo vyenye maji”. Sahihi ni “Sijui alivyofika” au “Sijui jinsi alivyofika”. Kama lugha ya vijana wakipiga soga barazani, “venye” ni ya kupendeza na haimdhuru mtu. Katika insha inamnyima mwandishi alama, na katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya mtihani wa kidato cha nne, 102/2, sehemu ya matumizi ya lugha hubeba alama 40 kati ya 80.

Badala ya “mwenye anakuja” kuna njia mbili, na ni lazima kuchagua moja. Kirejeshi huingizwa ndani ya kitenzi (mtu anayekuja, aliyekuja, atakayekuja), au hubebwa na “amba-” (mtu ambaye anakuja). Waandishi wanaojitahidi kuwa rasmi huzibeba zote mbili kwa pamoja na kuandika “mtu ambaye aliyekuja”. Hilo ni kosa la kuvaa kofia mbili, na dawati la wahariri hulikuta hata katika taarifa za watu waliosoma sana. Ama “ambaye alikuja” ama “aliyekuja”.

Kuna mahali ambapo “amba-” haikwepeki. Kirejeshi huingia katika wakati wa “na”, “li” na “taka”, lakini hakiingii katika “me”. Hakuna “amekuyekuja”. Anayetaka kudumisha hali timilifu hana budi kuandika “mgeni ambaye amefika”. Hali kadhalika ukanushaji wenye wakati maalumu: “ambaye hakulipa”, “ambaye hatalipa”, “ambaye hajalipa”. Umbo la “asiyelipa” lipo na ni zuri, lakini halina wakati. Humaanisha mtu ambaye kutolipa ni desturi yake. Katika orodha inayobandikwa ukutani, “wasiolipa kodi” ni shutuma ya tabia na “ambao hawajalipa kodi ya Machi” ni taarifa ya mwezi mmoja. Mpangaji aliyechelewa kwa siku mbili ana sababu ya kuikataa orodha ya kwanza na kuikubali ya pili.

“Ndi-” nayo inafuata nyayo za kirejeshi. Jijini husemwa “yeye ndio alikuja”, “hii ndio shida”, “mimi ndio nilimwambia”, yaani “ndio” imekuwa ya watu na vitu vyote, na kwa baadhi ya vijana imefupishwa ikawa “ndo”. Sanifu ni “yeye ndiye aliyekuja”, “wao ndio waliokuja”, “hii ndiyo shida”, “hizi ndizo shida”, “hiki ndicho kiti”, “hili ndilo jambo”, “hapa ndipo alipokaa”. Nafsi nyingine ni mimi ndimi, wewe ndiwe, sisi ndisi na nyinyi ndinyi. Kitenzi kinachofuata hubeba kirejeshi: “ndiye aliyekuja”, wala si “ndiye alikuja”. Na “ndiyo” ya kukubali huandikwa kwa “y”.

Huyu, huyo na yule

Vionyeshi vina ngazi tatu: kilicho karibu na msemaji (hiki), kilicho karibu na msikilizaji au kilichokwisha kutajwa (hicho), na kilicho mbali na wote wawili (kile). Msemaji wa mtaani huzijua ngazi hizi vizuri. Kinachomponyoka ni ngeli. Kwenye soko la Burma, mahali penye nyama na kuku kwa wingi, mteja huuliza bei ya “hiyo kuku”. Mnyama na ndege, wakiwa hai au wamechinjwa wazima, huchukua A-WA: kuku huyo, ng'ombe yule, samaki hawa. Nyama yao ndiyo ya I-ZI. Majina ya watu yenye umbo la KI-VI nayo hufuata A-WA: kijana huyu, vijana hawa, kiongozi yule, vipofu wale. Husemwa “kitoto hiki” pale tu msemaji anapokusudia kudunisha au kudekeza.

Mpangilio wa maneno hauna kosa kubwa. Nairobi hupenda kutanguliza kionyeshi, “hiki kiti”, na sanifu hupendelea “kiti hiki”, lakini hata waandishi wa pwani hutanguliza wanapomzungumzia mtu anayefahamika: “Yule mzee akainuka.” Anayekataza mpangilio huu darasani anajitafutia kazi bure.

Kosa linalopaswa kuwatia aibu waandishi, kuliko wanafunzi, ni la “huu” na “huo”. Taarifa inayoeleza kwamba Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye mtihani katika shule za msingi kwa mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, kisha ikaendelea “tangu mwaka huu”, imemhamisha msomaji hadi leo bila kumwaga. Mwaka uliotajwa ni “mwaka huo”. Sheria iyo hiyo hutawala usemi wa taarifa, unaotahiniwa kila mara. Mpangaji akisema, “Nitalipa kodi hii kesho hapa”, anayeripoti ataandika kwamba mpangaji alisema angelipa kodi hiyo siku iliyofuata mahali hapo. Kila kilichokuwa karibu naye kimesogea mbali: hii imekuwa hiyo, kesho imekuwa siku iliyofuata, na hapa pamekuwa hapo.

Katika kuuliza, “gani” haipokei kiambishi na huulizia aina: “Mtu gani huyu?” Anayetaka kuchagua mmoja kati ya wanaojulikana hutumia “-pi”: mtu yupi, kiti kipi, nyumba ipi, majina yapi. “Ngapi” huulizia idadi na lazima ipatane, ila katika I-ZI na U-ZI ambako hubaki ilivyo. Makanga aulizaye “watu ngapi hapo nyuma?” angesema “wangapi”, akiuliza “shilingi ngapi?” yuko sawa.

“Pekee” na “peke yake” hazibadilishani. “Alikuja peke yake” ni kuwa hakuandamana na mtu. “Yeye pekee ndiye aliyekuja” ni kuwa wengine hawakuja. Mama akisema mwanawe analala peke yake nyumbani, jirani ataona huruma. Akisema mwanawe pekee analala nyumbani, jirani atauliza wale wengine wanalala wapi. “Peke” hufuata nafsi: peke yangu, peke yako, peke yetu.

Rafiki yangu, mkeo na mkewe

Vimilikishi vina ukaidi wao. “Rafiki yangu” au “rafiki wangu”? Nomino kadhaa za ujamaa na urafiki zisizo na kiambishi cha m- au wa- huchukua kimilikishi cha I-ZI japo ni za watu: baba yangu, mama yake, dada zetu, ndugu zako, rafiki zangu, shangazi yao. Zenye kiambishi hicho hubaki katika A-WA: mtoto wangu, mke wake, mwalimu wetu. “Mjomba” hufuata kundi hili la pili. Lakini ngeli ya I-ZI huishia kwenye kimilikishi. Kitenzi na vivumishi vingine hurudi kwenye A-WA. Ni “rafiki zangu wote wamefika”, si “rafiki zangu zote zimefika”, na hapo ndipo mtahini hutega mtego wake. Kwa wanyama, pwani husikika “ng'ombe zangu” katika wingi, ilhali shule nyingi za bara hufunza “ng'ombe wangu” kwa umoja na wingi. Yote mawili yana wenyewe.

Jambo ambalo halifunzwi sana ni kuwa “-ao” asili yake ni ya viumbe. Vitu visivyo na uhai huchukua “-ake” hata vikiwa vingi: “miti imepoteza majani yake”, “viti hivi na bei zake”. Anayeandika “viti na bei zao” amevipa viti mkoba wa pesa.

Mwisho ni maumbo yaliyofupishwa, ambayo yana uwezo wa kuvunja nyumba. Kwa mke na mume, “-o” ni ya unayezungumza naye na “-we” ni ya asiyekuwapo. “Mkeo” ni mke wako. “Mkewe” ni mke wake. Anayemtumia rafikiye ujumbe wa simu kwamba “nilimwona Otieno na mkeo mjini jana”, akikusudia kuwa Otieno alikuwa na mke wake mwenyewe, ameandika jambo ambalo halitasahihishwa kwa ujumbe wa pili. Vivyo hivyo mumeo na mumewe, mwanao na mwanawe. Babako, babake, mamako na mamake hazina hatari hiyo kwa kuwa “k” yake inasikika wazi. “Mwenzio” ni wako na “mwenziwe” ni wake, ingawa katika mitaa ya Eastlands maumbo hayo mawili yamekwisha kuachiwa wazee na waimbaji wa taarabu. “Mwenzako” na “mwenzake” yanatosha, nayo ni sahihi.